Neno Lisemwalo Mgonjwa Akisikia: Uhakiki wa Lugha ya Utunzaji wa Nyumbani kwa Wenye Ugonjwa wa Alzheimer, Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati wa Kiswahili unaotumika, na ule unaopendekezwa kutumika, katika kazi ya kulipwa ya kuwatunza nyumbani wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer mashariki mwa Uganda. Hoja yake ni kwamba istilahi za uwanja huu hupimwa kwa usahihi wa tafsiri peke yake, ilhali mahali zinapofanyia kazi ni chumbani mwa mgonjwa na kwenye makubaliano ya malipo ya mtunzaji. Neno lisiloweza kusemwa mgonjwa akisikia, au lisiloweza kuandikwa penye nafasi ya jina la kazi, halijakamilika hata likiwa sahihi kitabibu. Uhakiki unashughulikia majina ya ugonjwa, majina ya mtunzaji, miiko ya ukwe, na lugha ya kuzungumza na mgonjwa katika miji ambayo Kiswahili kina historia yenye majeraha.

Istilahi muhimu: Alzheimer, utunzaji wa nyumbani, istilahi, lugha ya kitandani, Uganda mashariki

Utangulizi

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji. Mbali na hadhi hiyo, miji hii ina jambo jingine la pamoja ambalo wanasera hawalitaji mara nyingi: kwa miongo kadhaa sasa wakazi wake wamezoea kumwona mhudumu wa afya akibisha hodi nyumbani. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 kuwasaidia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, lilifungua vituo Jinja na Mbale pia. Kati ya mwaka 2005 na 2009 eneo la Jinja lilikuwa uwanja wa utafiti mkubwa uliolinganisha wagonjwa waliopelekewa dawa nyumbani kila mwezi na maofisa wa nyanjani wenye pikipiki, na wagonjwa waliozifuata dawa hizo kliniki. Walihusishwa watu 1,453 katika maeneo 44. Matokeo ya tiba katika makundi yote mawili yalikaribiana, na mgonjwa aliyefuatwa nyumbani alitumia fedha zake kidogo zaidi. Hospice Africa Uganda, iliyoanza mwaka 1993, na baadaye Rays of Hope Hospice Jinja, zimepita njia hiyohiyo katika kuwatuliza maumivu wagonjwa wa saratani na wengine wasiotarajiwa kupona. Anayedai kwamba mtu aliyefunzwa kuja kumtunza mgonjwa nyumbani ni desturi ya Ulaya isiyo na mizizi hapa amesahau historia ya juzi tu.

Tofauti iko katika ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya hali hiyo. Ofisa wa pikipiki alikuja mara moja kwa mwezi, akahesabu vidonge, akauliza maswali yake, akaondoka. Mzee mwenye Alzheimer anahitaji mtu wa asubuhi, wa mchana na wa usiku, kwa miaka. Kazi hiyo inahitaji jina, na jina hilo ndilo ambalo wataalamu wa Kiswahili wanaombwa kulitoa sasa, hasa baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuridhia, Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katiba ilikuwa imekwisha kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Vitini vya afya vya Kiswahili vitakuja. Swali ni vitakuja na maneno gani.

Majina ya ugonjwa

Majina matatu hukutwa mara kwa mara katika matini za Kiswahili: *shida ya akili*, *ugonjwa wa kusahau*, na *kupoteza kumbukumbu*. Yote matatu yana mantiki yake kwenye karatasi. Inafaa kila moja lifikishwe chumbani.

*Shida ya akili* ndilo baya kuliko yote, na ndilo linaloenea kwa kasi kwa sababu tafsiri za kompyuta hulipenda. Neno *akili* katika Kiswahili halitaji kiungo cha mwili. Linataja sifa. Mtoto mwenye akili hufaulu mtihani na huwaheshimu wakubwa. Mtu anayeambiwa hana akili ametukanwa. Isitoshe, *ugonjwa wa akili* una wenyewe tayari: ndilo jina la maradhi yanayohusishwa na hospitali ya Butabika, na jamii ya Kampala hadi Mbale inajua kulitumia kama kejeli. Kumwambia mwanamke wa miaka 78, aliyelea watoto saba na kuendesha duka sokoni kwa miongo mitatu, kwamba ana shida ya akili ni kumvua kwa maneno mawili sifa aliyoipata kwa maisha mazima. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya sheria kongwe iliyomwita mgonjwa mtu asiye na akili timamu. Itakuwa ajabu Kiswahili, lugha rasmi ya pili, kirudi katika nchi hiyo na tusi ambalo bunge limekwisha kulifuta.

*Ugonjwa wa kusahau* una upole wake, na ndiyo maana watafiti wengi wanaupendelea. Tatizo lake ni wepesi. Kila mtu husahau. Familia iliyoambiwa kwamba baba ana ugonjwa wa kusahau itamtafutia daftari la kuandikia mambo, kisha itashangaa atakapomshutumu mkewe kwa kumwibia fedha, atakapotoka nje saa nane za usiku akitafuta kiwanda kilichomstaafisha zamani, atakapokosa jina la kijiko, na hatimaye atakaposhindwa kumeza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalobebwa na kitenzi *kusahau*. Pia kitenzi hiki hakiko huru na lawama. "Umenisahau" ni manung'uniko ya mpenzi na ya ndugu, "umesahau?" ni swali la mwalimu kwa mwanafunzi mvivu. Mtunzaji aliyefundishwa kwamba mgonjwa wake ni msahaulifu atamuuliza swali hilo mara ishirini kwa siku, na kila mara atakuwa anamtia aibu mtu ambaye hawezi kujitetea.

*Kupoteza kumbukumbu* ni bora kidogo, lakini sarufi yake inastahili kutazamwa kwa karibu kuliko inavyofanywa. Anayepoteza ni mtendaji: amepoteza funguo, amepoteza fedha za watu. Kiswahili kina njia nyingine. Mtu aliyekumbwa na msiba *amefiwa*, aliyevamiwa na wezi *ameibiwa*, na aliyeondokewa na kitu bila kosa lake *amepotewa*. "Mzee amepotewa na kumbukumbu" humweka mgonjwa katika safu moja na mfiwa, mtu anayestahili kukaliwa karibu. Tofauti ya silabi moja tu, na hakuna kitini cha tafsiri kinachoijali.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanaisimu, na kwamba mgonjwa anahitaji chakula na sabuni kuliko vitenzi. Japani inawajibu. Mwaka 2004 wizara ya afya ya nchi hiyo iliacha neno rasmi la demensia kwa kuwa lilibeba maana ya upumbavu, ikaweka jipya linalohusu utambuzi, na uamuzi huo ulichukuliwa kuwa suala la afya ya umma kwa sababu watu walikuwa wanaogopa kwenda kupimwa wakaitwe wapumbavu. Kiswahili chenyewe kimewahi kufanya kazi ya namna hiyo. *Zeruzeru* amekuwa *mtu mwenye ualbino*. *Kilema*, aliyewekwa katika ngeli ya vitu, amekuwa *mtu mwenye ulemavu*. (Ngeli hiyo ya KI-VI bado inawashikilia wazee: *kikongwe* na *kizee* wako palepale walipo kiti na kijiko, na *kichaa* yuko jirani yao.) *UKIMWI* liliundwa kwa kuitazama kinga ya mwili, bila kugusa tabia ya mgonjwa, na likashika. Uganda ilikuwa na jina lake la mitaani, *siliimu*, lililotokana na kukonda. Nalo lilienea haraka kwa kuwa lilieleza kile ambacho jirani alikiona kwa macho, lakini lilimfanya kila aliyekonda ashukiwe.

Kuna usemi wa nne ambao hauhesabiwi kuwa istilahi, ingawa una nguvu kuliko istilahi zote: *amerudia utoto*. Husemwa kwa huruma, mara nyingi na binti wa mgonjwa. Matokeo yake yanajulikana. Mzee husemeshwa kwa sauti ya kubembeleza, huamuliwa nguo na saa ya kula, huzungumziwa mbele yake kana kwamba hayupo, na hutafutiwa yaya. Mtoto anajifunza, mzee huyu anasahau jinsi ya kufanya aliyoyajua, na mara nyingi, katika hatua za mwanzo hasa, anajua kwamba anasahau. Ndiyo maana anaficha. Ndiyo maana anakasirika.

Jina linalopita kipimo cha chumbani ni *ugonjwa wa ubongo*. Ubongo ni kiungo, kama moyo na figo. Hauna adabu wala utovu wa adabu. "Babu, ubongo unaumwa" ni sentensi ambayo mjukuu anaweza kuitamka na babu akaisikia bila kuvunjiwa heshima. Ni kweli kwamba jina hilo ni pana, na kwamba kiharusi na uvimbe navyo ni magonjwa ya ubongo. Upana huo unavumilika. Kwenye faili la hospitali ya rufaa ya Mbale au ya Jinja daktari aandike ugonjwa wa Alzheimer au demensia, kwa kuwa hapo kinachotakiwa ni ubayana. Nyumbani kinachotakiwa ni neno ambalo halimfanyi mgonjwa ageukie ukuta. Kosa la watunga istilahi limekuwa kudhani kwamba neno moja lazima litumike pote pawili.

Majina ya mtunzaji

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi hii kuliko wanavyokumbuka waandishi wa miongozo. *Kulea* ni kwa mtoto, au kwa mtu anayetarajiwa kukua. *Kuuguza* ni kukaa na mgonjwa hadi apone au afe, na ndani yake mna matarajio ya muda mfupi. *Kuhudumia* ni kwa mteja. *Kutunza* hutumika kwa watu na pia kwa fedha na nyaraka. Ni kitenzi cha kuhifadhi kitu kisiharibike. *Kuangalia*, kama katika "nani anamwangalia mama?", ndicho kitenzi cha kawaida kabisa vinywani, nacho hakionekani katika miongozo yoyote, pengine kwa sababu kinaonekana rahisi mno.

Luganda, ambayo wengi wa Jinja na Mbale wanaielewa hata kama si lugha yao ya nyumbani, ina suluhisho ambalo Kiswahili kingefanya vyema kulichunguza. *Omujjanjabi* ni yule anayekaa na mgonjwa: jamaa anayelala chini ya kitanda wodini, akipika na kufua, na pia mtu mwenye ujuzi wa kuuguza. Neno halimpandishi mmoja na kumshusha mwingine. Kitenzi kingine, *okulabirira*, maana yake ni kutunza kwa kuangalia, nacho kimezaa *omulabirizi*, ambalo Waanglikana wa Uganda hulitumia kwa askofu. Anayemwangalia mgonjwa na anayeliangalia kanisa wametoka katika mzizi mmoja. Kiswahili kilikuwa karibu na hapo kwa neno *mwangalizi*, kisha kikawaachia waangalizi wa uchaguzi.

Badala yake, mtu anayefanya kazi hii kwa malipo katika nyumba za Jinja na Mbale huitwa *msichana wa kazi*, *yaya*, *dada* au *hausigeli*. Majina haya yana mambo mawili yanayofanana: yanadhani kwamba mtendaji ni mwanamke na kwamba ni mdogo. Yanadhani pia kwamba kazi ni nyumba, wala si mgonjwa. Aliyeajiriwa kama msichana wa kazi anatarajiwa kufagia, kupika, kufua, kuwapeleka watoto shule na, katikati ya hayo, kumwangalia bibi. Bibi akitoka akapotea sokoni, kosa ni lake. Akikesha usiku kucha kwa sababu bibi anafungua milango, hakuna aliyehesabu usiku huo, kwa maana jina la kazi yake halina usiku ndani yake.

Hapa ndipo jina linapogeuka fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweza kumlinda mtu ambaye kazi yake inajulikana ni nini. Haiwezi kupima saa za kazi isiyotajwa. *Muuguzi* ni jina linalolindwa na sheria ya wauguzi na wakunga ya mwaka 1996, kwa hiyo halipaswi kutolewa ovyo kwa mtu asiyesajiliwa, na wanaopendekeza *muuguzi wa nyumbani* kwa kila mtunzaji wanawatia watu hao katika hatari ya kushtakiwa. *Mhudumu* limekwisha kuchukuliwa na hoteli na ofisi. Linalobaki, *mtunzaji wa mgonjwa nyumbani*, ni refu na halina mvuto, lakini lina mambo matatu ambayo mwajiri hataweza kuyakwepa: kuna mgonjwa, kuna nyumba, na kuna kazi inayohusu huyo mgonjwa badala ya vyombo. Urefu usiogopwe. Watu wataufupisha wenyewe.

Jambo la kukera ni kwamba wasichana wa Busoga na Bugisu wanaosafiri kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, nao mara nyingi huangukia kumtunza mzee wa nyumba, hupewa mafunzo kabla ya safari. Wenzao wanaobaki kumtunza mzee wa Kisoga hawapewi. Kwa upande wa serikali, mpango wa SAGE humpa kila mzee aliyetimiza miaka 80 shilingi 25,000 kwa mwezi. Fedha hizo zina heshima yake, na kwa mzee wa kijijini ni chumvi, sabuni na sukari, hazimlipi mtunzaji. Tena mgonjwa wa miaka 68 yuko nje ya mpango kabisa, ingawa Alzheimer haikumsubiri.

Mkwe na sabuni

Makala nyingi za Kiswahili kuhusu uzee hufunguliwa kwa sentensi moja yenye sura mbalimbali: kwamba Mwafrika hamwachi mzee wake mikononi mwa mgeni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2009, yenye kaulimbiu ya kuzeeka kwa usalama na heshima, nayo inaitegemea familia. Sentensi hiyo ingekuwa kweli kama familia ingekuwa mtu mmoja. Familia ya mashariki mwa Uganda, kama familia nyingine zote, ni mpangilio wa watu wanaoruhusiwa na wasioruhusiwa.

Miongoni mwa Wasoga na Wamasaba, kama ilivyo kwa jirani zao Waganda, kuna miiko mikali kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, na kati ya mama mkwe na mume wa bintiye. Hawagusani. Kwa desturi yenyewe hawakai karibu, hawalii chakula pamoja, na mmoja hapaswi kuuona mwili wa mwingine. Katika Luganda jina la uhusiano huo, *obuko*, ndilo pia jina la ugonjwa wa kutetemeka unaosemwa kumpata anayevunja mwiko. Na ndani ya nyumba ambamo mtoto wa kiume amerithi boma la baba yake, huku mabinti wakiwa wameolewa mbali, mtu mzima anayeshinda nyumbani mchana ni nani? Ni mke wa mwana. Ndiye pekee asiyeruhusiwa kumwogesha baba mkwe, na ndiye pekee aliyepo.

Katika hatua ya kwanza ya ugonjwa jambo hili hufichika. Katika hatua ya kati, mzee anapojichafua na hakumbuki njia ya bafu, linakuwa suala la kila asubuhi. Mzee husubiri mpaka mwanawe arudi jioni, au mjukuu atoke shule. Ngozi huharibika. Majirani husema mkwe ni mkatili. Mkwe, kwa upande wake, ameshika mila kama alivyofundishwa, na analaumiwa kwa mila hiyohiyo. Akiamua kumwogesha, huwa amechagua mwili wa mzee dhidi ya heshima yake, na mzee mwenyewe, ambaye anaweza kusahau jina la mwanawe lakini asisahau mwiko aliouishi miaka 60, atampiga mkono na kupiga kelele. Daktari ataandika kwamba mgonjwa ana ukali.

Mgeni hana mwiko huo. Mtunzaji wa kulipwa, asiye wa ukoo wala wa ukwe, anaweza kuingia bafuni na mzee bila kuvunja chochote. Kwa hiyo hoja ya mila, ikifuatwa hadi mwisho wake, inamdai mtu wa nje; wanaoitumia kumkataa hawajaifuata. Hapa wanasera wangepaswa kuombwa waache kuandika *familia* kana kwamba ni jina la mtendaji, na waandike nani hasa: binti, mke, mjukuu wa kiume, mkwe. Sera ikishataja mkwe, haja ya mtunzaji aliyefunzwa itaonekana bila kuhitaji tafsiri kutoka lugha yoyote.

Mgeni huyo naye ana matatizo yake ya heshima. Binti wa Kisoga humsalimu mzee akiwa amepiga magoti. Dakika tano baadaye anatakiwa kumnyima mzee huyohuyo ufunguo wa geti. Vitini vinavyotoka pwani vitamfundisha kusema "shikamoo", salamu ambayo wazee wengi wa Uganda hawakukua nayo. Kinachomsaidia ni kujua kwamba mzee wa Mbale aitwe *kuuka* akiwa mwanamume na *kukhu* akiwa mwanamke. Jina la cheo cha kiongozi wa kitamaduni wa Wamasaba, Umukuuka, linahusiana na neno hilo la babu, na mzee aliyepoteza mengi bado hugeuka aitwapo hivyo. Vilevile afadhali asimuulize alizaliwa mwaka gani. Miaka ya imbalu, tohara inayofanywa kila mwaka wenye tarakimu shufwa, ina majina, na mwanamume wa Kimasaba anaweza kutaja waliotahiriwa pamoja naye muda mrefu baada ya kusahau umri wake.

Lugha ya kitandani

Mwenye Alzheimer aliyejua lugha kadhaa mara nyingi huanza kupoteza zile alizojifunza baadaye, na kushikilia ile ya utotoni. Katika jiji kama Jinja hili si jambo dogo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vilivyolizunguka, kikiwemo kile cha nguo cha Nytil, viliwavuta watu kutoka kila upande wa Uganda na Kenya. Mitaa ya makazi kama Walukuba ilijaa lugha. Mzee aliyekuja kijana kutoka Bukedi, akazungumza Kiswahili kiwandani, Luganda kanisani na Lusoga kwa mkewe, anaweza katika ugonjwa wake kurudi kwenye lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeielewa. Familia itasema anabwabwaja. Pengine anaomba maji.

Vipimo vya ugonjwa vinaonyesha ugumu huohuo. Kipimo kifupi kilichotengenezwa wilayani Hai, Tanzania, kwa ajili ya wazee wasiosoma ni mfano mzuri wa kazi ya lugha iliyofanywa kwa uangalifu: kinamtaka mzee ataje wanyama kwa dakika moja, apange njiti za kiberiti, akumbuke orodha ya maneno, na aeleze daraja ni nini. Huko Hai swali la daraja ni jepesi kulitathmini. Jinja, mji ambao barabara kuu huvukia Nile, ambako daraja jipya lilifunguliwa Oktoba 2018 karibu na la zamani la bwawa, mzee anaweza kuanza kusimulia daraja lipi, lilijengwa lini na nani alianguka. Anayepima kwa haraka ataandika kwamba ameshindwa kutoa maana.

Sasa kuna Kiswahili chenyewe. Wanachama wa vyama vya Kiswahili hupenda kueleza kwamba lugha hii haina kabila na kwa hiyo haina adui. Mashariki mwa Uganda ina historia. Ilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, na kambi ya Jinja, palipotokea maasi ya wanajeshi Januari 1964, ilikuwa miongoni mwa shule zake kubwa. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin iliitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa raia wengi wa miaka ile, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, na lugha iliyosikika nje ya mlango usiku. Walioyaona hayo wakiwa na miaka 30 leo wamepita 80. Ndio hasa wagonjwa wanaozungumziwa hapa.

Alzheimer hula kumbukumbu za karibuni kwanza. Mwanamke wa Mbale ambaye kwa nusu karne aliishi na majirani wanaosema Kiswahili bila tatizo lolote anaweza kupotewa na nusu karne hiyo, akabaki na mwaka 1977. Kisha aingie chumbani kijana wa kiume mwenye sare, mwenye cheti kipya, amwambie kwa Kiswahili sanifu na sauti ya uchangamfu: "Simama, twende." Mtunzaji atakuwa amefuata kitini neno kwa neno. Kwa mwenzake, mwanajeshi mstaafu wa Walukuba ambaye ujana wake wote ulikuwa wa Kiswahili, maneno hayohayo yanaweza kuwa ndiyo pekee yanayomwinua kitandani.

Hakuna mwongozo wa kitaifa utakaoamua kati ya wawili hao. Fomu ya kumpokea mgonjwa inaweza kusaidia, ikiongezwa mistari miwili ambayo fomu za kawaida, zenye kisanduku kimoja cha "lugha", hazina. Mstari wa kwanza uulize: mgonjwa alilelewa kwa lugha gani, na ni nani katika ukoo bado anaizungumza? Wa pili uulize: kuna lugha ambayo haifai kutumiwa kwake wakati wa usiku? Majibu yaandikwe na jamaa mwenye umri wa kutosha kujua, kabla mtunzaji hajalala katika nyumba hiyo usiku wa kwanza.